Zabibu, Ukakasi na Mvinyo wa Italia

Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, na neno zabibu tulilipata kwa Waarabu. Hilo la pili limesafiri mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika kisiwa cha Pantelleria, ambacho ni sehemu ya Sicilia ingawa kiko karibu zaidi na Tunisia, wakulima hutunza mizabibu mifupi inayoinama karibu na ardhi kuukwepa upepo wa bahari. Tunda lake huitwa Zibibbo, jina lililotokana na neno lilelile la Kiarabu, zabib, yaani zabibu iliyokaushwa. Kwa kweli huanikwa juani kabla ya kukamuliwa, na mvinyo wake, Passito di Pantelleria, huwa mtamu, wenye harufu ya asali, tini kavu na maganda ya chungwa. Wenyeji huunywa pamoja na vitamutamu vya lozi au jibini lenye ladha kali.

Jina hilo nilikutana nalo mjini Torino, nilipokuwa nikitafsiri mwongozo wa mafunzo kwa vijana wahudumu wa mikahawa ya Malindi, mji wenye wakazi na wageni wengi Waitaliano. Aliyenipa kazi alitaka istilahi zote za ladha zibaki katika Kiitaliano. Sikukubaliana naye. Mhudumu aliyekariri neno asilolijua kwa ulimi wake huweza kujibu swali la kwanza la mgeni. La pili humfedhehesha, na huenda likamnyima ajira. Nilitaka kijana huyo azungumze kwa maneno aliyokua nayo, hata kama yeye mwenyewe hanywi mvinyo.

Nilianza na Nebbiolo, zabibu ya vilima vya Langhe katika jimbo la Piemonte, ambayo jina lake huhusishwa na nebbia, yaani ukungu unaotanda huko msimu wa mavuno. Ndiyo itoayo mvinyo wa Barolo, ambao sheria hutaka ukae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya mapipa ya mbao. Rangi yake si nzito, na harufu yake hukumbusha waridi na lami. Lakini ukishaumeza, ulimi hukauka na ufizi hushikwa kana kwamba umekwaruzwa. Waitaliano husema mvinyo huo una tanini. Mtoto yeyote wa pwani aliyetafuna bibo ataiita hali hiyo ukakasi.

Neno hilo siku hizi limehamia bungeni na magazetini. Kauli ina ukakasi, mkataba una ukakasi. Si vibaya neno kupanuka, ila lisisahau mahali lilipozaliwa. Hivyo nikagawa kazi: tanini ni kitu chenyewe, kitokacho katika maganda na kokwa za zabibu, ukakasi ni kile kitu hicho kinachoufanyia ulimi. Tanini hunasa protini za mate, mdomo ukapoteza utelezi wake. Ndiyo maana Barolo huletwa mezani pamoja na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole, mara nyingi ndani ya mvinyo huohuo: protini na mafuta ya nyama huutuliza ukakasi. Kijana akishalielewa hilo, hahitaji kukariri orodha.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa Barbera, zabibu nyingine ya Piemonte, yenye ukakasi kidogo lakini inayochangamsha mate kama ndimu. Niliandika kwamba mvinyo wake ni mchachu. Kisha nikampigia simu shangazi yangu aliyeko Pangani, ambaye hajawahi kuonja kileo maishani mwake, nikamweleza hali ya mdomo bila kutaja kinywaji.

"Usiseme uchachu, mwanangu," aliniambia. "Maziwa ndiyo huchacha, na mchuzi uliolala. Watu watadhani kitu chako kimeharibika. Embe bichi halijachacha. Lina ukali tu." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Na sikuulizi umeonja nini."

Alikuwa na haki, lakini ushauri wake ulizaa tatizo jingine, kwa kuwa mvinyo mkali, katika masikio ya wengi, ni ule unaolevya upesi. Nikaandika kila mahali ukali wa embe bichi, maneno manne badala ya moja, na sikuyaonea choyo. Ukali huo ndio unaoifanya Barbera ifae pamoja na bagna cauda, mchuzi wa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na dagaa wa chumvi. Huyakata mafuta kama ndimu ikatavyo samaki wa kukaanga. Ndio pia uliomo katika Chianti Classico wa Toscana, ambao asilimia 80 au zaidi ya zabibu zake ni Sangiovese. Eneo la Chianti liliwekewa mipaka na mtawala Cosimo III mwaka 1716. Nyanya huufanya mvinyo usio na ukali uonekane umepooza, lakini Sangiovese hukabiliana nayo bila taabu.

Uchungu nao una majina yake. Dolcetto maana yake ni katamu kadogo, lakini mvinyo wake si mtamu, na huacha uchungu wa lozi mwishoni. Amarone wa Valpolicella, mkoani Veneto, umeitwa kwa neno amaro, chungu, ingawa zabibu zake hukaushwa darini kwa miezi kadhaa hadi utamu ujikusanye. Utamu huo ukiachwa uchachuke hadi uishe, hupatikana Amarone, mzito, wa kuandamana na nyama ya kuchemka polepole au jibini lililokomaa. Ukikatizwa njiani hupatikana ndugu yake mtamu, Recioto. Majina yanaweza kudanganya, ulimi ndio wa kuhukumu.

Watunzi wetu huugawa mshororo katika ukwapi na utao, na kipande kimoja bila mwenzake hakitoshi. Huko Emilia, Lambrusco, mvinyo mwekundu wenye mapovu, ukinywewa peke yake huonekana mwepesi mno. Uweke kando ya jibini la Parmigiano Reggiano na nyama zenye mafuta za Modena, na maana yake hukamilika.

Mwongozo ulichapishwa na ukakasi wake, na ukali wa embe bichi wake. Bado natafuta neno moja litakalotofautisha ukali wa tunda na ukali wa kileo. Ikiwa kwenu wazee wanalo, niandikieni. Nadhani litatoka jikoni, au chini ya mwembe.