Naomba Kwenda Chooni

Siku ya kwanza mwanangu alirudi kaptura imelowa. Mvua ilikuwa haijanyesha. Alipita nyuma ya nyumba, akapanda mkokoteni wa ng'ombe wa baba yake, akajikunyata humo. Nikampelekea ugali na maziwa mgando, chakula anachokipenda kuliko vyote. Hakugusa.

Ilikuwa Januari, shule zimefunguliwa na sisi tumezama kwenye palizi ya mahindi. Tunaishi Sibwesa, wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ila kwetu hasa ni Maswa. Tulihamia huku na mifugo, kama Wasukuma wengi waliofuata malisho na mashamba. Mji wetu umejitenga, na nyumbani ni Kisukuma kitupu: kwa bibi, kwa baba, hata ng'ombe wanaswagwa kwa Kisukuma. Mimi nilimaliza darasa la saba, Kiswahili ninacho. Sikuwahi kumsemesha nacho mtoto wangu.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifanya mwaka mmoja wa darasa la awali kuwa wa lazima, na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Basi kabla hajaanza nikamnunulia shati jeupe na kaptura ya bluu, nikamwokotea visoda 20 vya kuhesabia, nikamtilia mfukoni, nikaona nimemaliza. Sikumpa hata neno moja la kuombea maji.

Siku ya pili akarudi vilevile, amelowa. Siku ya tatu tulimtafuta asubuhi nzima, tukamkuta amejibanza chini ya ghala la mahindi na sare yake, visoda amevishika mkononi. Baba yake akasema tumwache, akifika miaka saba atakwenda mwenyewe. Bibi yake akasema mtoto amerogwa ulimi. Mimi nililia usiku ule, kwa sababu nilijua ulimi wake hauna tatizo. Mtoto huyu huwapigia ndama hadithi mpaka jua linazama! Darasani alikuwa anasikia sauti tu, kama mtu aliyeshushwa kwenye stendi ya nchi ngeni, amebanwa na haja, na hajui choo kinaitwaje.

Siku ya nne niliacha jembe, nikaenda naye. Mwalimu alikuwa peke yake na watoto wengi mno, wengine wamekaa chini. Sikuweza kumlaumu. Nilimwamkia, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi nilidhani ni kiburi. Nikimuuliza jina ananitazama tu." Akamwita binti wa darasa la pili, Msukuma mwenzetu, akamketisha karibu na mwanangu. Nami akaniruhusu nikae mlangoni siku mbili.

Binti yule alimfanyia mwanangu jambo ambalo sitalisahau. Mwalimu alipotamka neno, yeye alimnong'oneza kwa Kisukuma, taratibu, akionyesha kwa kidole. Maji, minzi. Akarudia. Niliyaona mabega ya mwanangu yakishuka.

Nyumbani tukaanza shule yetu wakati wa kumenya karanga. Sikumfundisha a, e, i, o, u. Nilimfundisha sentensi tatu: naomba maji, sijaelewa, naomba kwenda chooni. Ile ya tatu ilimshinda siku nyingi, ikimkatikia katikati. Alikwenda kuisema zizini, kila ndama akaombwa ruhusa. Baba yake, aliyetaka tusubiri miaka saba, nilimsikia akimsahihisha gizani kwa sauti ya chini.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, alirudi kaptura kavu. Nilimshika kiunoni nikaipapasa nisiamini macho yangu. Nikamuuliza kwa Kisukuma imekuwaje, akanijibu kwa Kiswahili: "Nimeomba."

Jioni ile alimwaga visoda vyake uani, akamketisha bibi yake kwenye kigoda. Bibi akataka kunyanyuka akaangalie moto. Mtoto akamzuia kwa mkono, akamwambia huwezi kutoka bila kuomba. Mama mkwe wangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kukaa darasani, akanigeukia nimsaidie. Nikanyamaza. Basi akarudi kumtazama mjukuu wake, akajaribu neno kwa neno, na yeye akimngoja: naomba... kwenda... chooni.