Kipandauso cha Ukoo Wetu

Katika ukoo wetu wanawake hurithishana kipandauso kama wengine wanavyorithishana shanga. Nyanya alikuwa nacho, mama anacho, ninacho, na sasa binti yangu wa kidato cha tatu. Mwalimu wake adai anakwepa hesabu. Hesabu gani hiyo ya kumtapisha mtu na kumfanya aogope mwanga wa dirisha?

Si pepo, msomaji. Seli huchoma chakula zipate nguvu, na moshi wake ni chembechembe kali za oksijeni. Wafagiaji ni vimeng'enya, ambavyo kwa urithi tu havifanani. Vya wengine huzembea. Wanasayansi wanashuku uchafu huo ukirundikana huchokoza ubongo wenye kushtuka upesi.

Vitamini B2 husaidia baadhi ya vimeng'enya hivyo. Katika utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa 1998, waliomeza miligramu 400 kila siku kwa miezi mitatu, asilimia 59 walipunguziwa siku za maumivu kwa nusu au zaidi. Waliopewa vidonge bandia, asilimia 15.

Daktari ametuandikia hiyo. Mama hasadiki, angali anajifunga leso kichwani. Binti huweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Mwezi uliopita, siku tano. Huu, hadi leo, mbili.