Nyota Katika Picha ya Titi

Sisi wapenzi wa Kiswahili tumezoea kubishana kuhusu istilahi. Tarakilishi au kompyuta? Rununu au simu ya mkononi? Mijadala hiyo ni mitamu, nami huishiriki kwa moyo mkunjufu, maadamu hakuna anayeumia kwa kushindwa. Mwaka jana, hata hivyo, nilipata kazi ya istilahi ya namna nyingine kabisa. Shangazi yangu, mkulima asiyejua Kiingereza, alinikabidhi ripoti ya eksirei ya titi lake akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa lugha. Nisomee, wala usinifiche neno."

Kilichomtia hofu ni tarakimu aliyojionea mwenyewe mwishoni mwa ukurasa: 4. Vijijini kwetu kila mtu ajua saratani ya hatua ya nne ni ipi: ni ile iliyokwisha kusambaa hadi mifupani au mapafuni. Shangazi alikuwa ameanza kugawa mbuzi wake. Ilhali tarakimu ile haikuwa ya hatua ya ugonjwa, bali ya daraja la shaka. Madaktari wa eksirei hutumia mizani iliyobuniwa na Chuo cha Radiolojia cha Marekani, yenye madaraja ya 0 hadi 6. Daraja la 4 husema tu kwamba pana jambo la kutiliwa shaka na kwamba kipande cha nyama kichukuliwe kikapimwe. Uwezekano wa saratani hapo waweza kuwa asilimia 3, waweza kuwa asilimia 90. Tofauti baina ya hatua na daraja, ambayo darasani ingetupotezea dakika tano, ilirudisha mbuzi zizini.

Kisha palikuwa na neno la Kiingereza ambalo kamusi hulifasiri "kidonda". Ngozi ya shangazi haikuwa na kidonda chochote. Nikasema "sehemu iliyobadilika", nikaendelea.

Kizito zaidi kilikuwa umbo lenyewe. Katika picha ya titi, mafuta huwa meusi na tishu nzito huwa nyeupe. Uvimbe nao huwa mweupe, ndiyo maana hufichika kwa urahisi katika titi lenye tishu nzito. Ripoti ilieleza uvimbe wa milimita 12 wenye miale pande zote, mithili ya nyota. Katika Kiswahili nyota si kimulimuli cha mbinguni tu. Nyota ni bahati, ni majaliwa ya mtu. Kwa daktari, miale hiyo ni dalili ya kutisha, kwani uvimbe usio wa saratani aghalabu huwa na kingo laini.

Lakini hapa pana kitendawili. Mwaka 2000 daktari László Tabár wa Falun, Uswidi, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti kuhusu saratani ndogo zisizofikia milimita 15. Waliwafuatilia wanawake kwa miaka mingi, wakaona kwamba wenye nyota isiyo na chembe za kalisi walipona kwa wingi, ilhali waliokufa walikuwa hasa wenye chembe zilizojipanga kama nyuzi ndani ya mifereji ya maziwa, zikachukua umbo la mifereji hiyo kama madini yaliyomiminwa katika kalibu. Uvimbe wa nyota mara nyingi hukua polepole. Nyuzi zile mara nyingi huandamana na seli kali. Watafiti waliofuata hawakukubaliana wote, na hata leo uamuzi mkubwa hutegemea tezi za kwapani, ukali wa seli na vipokezi vya homoni. Picha ni kidokezo, si hukumu.

Ripoti ya shangazi haikutaja chembe zozote. Nilisita kutamka "nyota", nisije nikaonekana mpiga ramli. Hatimaye nililitamka, kwa kuwa ndilo lililoandikwa. Alicheka, kwa mara ya kwanza juma lile. "Kumbe nyota yangu imo humu, nami naitafuta mbinguni!"

Nyama ilipopimwa ilikuwa saratani kweli. Alifanyiwa upasuaji, tezi za kwapani zikapatikana safi, na sasa ameza tembe kila asubuhi kabla ya kukama.

Limebaki suala la istilahi. Yale yanayotarajiwa kutokana na ugonjwa, tuyaiteje? Wapo wanaosema "ubashiri". Mimi sioni raha: mbashiri ni wa nyota za magazetini na wa matokeo ya kandanda, na mgonjwa akilisikia neno hilo atadhani daktari anakisia. Shangazi, nilipomweleza maana, alisema hiyo ni "safari ya ugonjwa". Nimeitumia katika tasnifu yangu. Msimamizi wangu ameipigia mstari mwekundu, akaandika pembeni kwamba safari ina mwisho unaojulikana, na hadi sasa hatujaafikiana.