Begi la Kulalia Si la Kupiga Picha

Wasee, kila wikendi ndefu ikikaribia mnajua vile grupu za WhatsApp hukuwa. Posta ya safari inatumwa, picha ya Mlima Kenya na jua linachomoza, namba ya M-Pesa hapo chini, halafu maswali yanaanza. Tunatoka saa ngapi? Kuna nyama? Mziki nani anabeba? Nimekaa kwa hizo grupu miaka kadhaa na swali moja huwa halitokei: usiku utalala ndani ya nini?

Na hilo ndilo swali linaloamua kama utafurahia ama utarudi Nairobi ukisema mlima si wa watu weusi. Leo nataka tuongee kuhusu begi la kulalia, hasa lile jepesi la manyoya ya bata. Nina maoni na siyafichi: wengi wetu hatulihitaji, na wale wanaolihitaji wananunua kwa kuangalia rangi.

Tuanze na baridi yenyewe. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Julai usiku tunashuka hadi nyuzi 11 hivi na tayari mtaa mzima unavaa marvin. Sasa chukua hesabu ya kawaida: kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua karibu nyuzi 6. Shipton's, ile kambi watu hulala kabla ya kupanda Point Lenana kupitia Sirimon, iko karibu mita 4,200. Hiyo ni mita 2,400 juu ya kitanda chako. Toa nyuzi 14 kwa zile 11. Umefika chini ya sifuri, na hatujahesabu upepo. Ikweta inapita hapo karibu, lakini asubuhi maji ya chupa yanaweza kuwa barafu.

Lakini Naivasha je? Ziwa liko karibu mita 1,900, yaani usiku wake si mbali sana na wa Nairobi. Blanketi nzito, soksi na mkeka wa foamu, basi. Magadi ndiyo kabisa, huko unahitaji shuka na neti ya mbu. Kwa hivyo ukimwona mtu anakuuzia begi la milimani ili ukalale kando ya ziwa, mwambie asante, endelea na safari yako. Mahali utalala ndipo panachagua begi, si Instagram.

Sasa, hii kitu hufanya kazi aje? Watu wengi hudhani begi la kulalia linatoa joto. Halitoi. Jiko ni wewe. Mwili wako unatoa joto, begi linashika hewa ili hilo joto lisitoroke. Bata na bata bukini wana manyoya mawili: yale marefu ya nje yenye mti katikati, na yale madogo ya kifuani, laini kama malaika ya mkononi mwako. Hayo madogo hayana mti mgumu. Yanafunguka kama ua na kushika hewa nyingi sana kwa uzito kidogo sana. Ndiyo maana begi zuri la manyoya la kulalia chini ya sifuri linaweza kuwa karibu kilo moja, na la poliesta lenye joto sawa likakaribia kilo mbili na kujaza nusu ya mkoba.

Kwenye lebo utaona namba kama 550, 650 au 800. Hiyo si joto. Ni vile manyoya yanavyofura. Gramu 28 za manyoya ya 800 zinajaza karibu lita 13 za nafasi. Zile za 550 zinajaza karibu lita 9. Kwa hivyo namba kubwa inamaanisha utapata joto lile lile kwa uzito mdogo. Lakini ukiwekewa manyoya kidogo ya 800, bado utatetemeka. Angalia pia gramu ngapi ziko ndani.

Halafu kuna kipimo cha joto, na hapa ndipo watu huchezwa. Mabegi yaliyopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 huwa na namba tatu. Ya kwanza ni ya starehe: mwanamke wa kawaida analala amejinyoosha bila kusikia baridi. Ya pili ni ya mpaka: mwanamume wa kawaida analala amejikunja na anavumilia. Ya tatu ni ya hatari: hutakufa haraka, lakini mwili unaweza kupoa vibaya. Muuzaji atakusomea ya tatu kwa sauti kubwa. "Hii inaenda mpaka minus 15, brathe!" Kwani unaenda kulala ama kunusurika? Soma ile ya kwanza. Kama mnashare begi, nunueni kwa kipimo cha yule anayesikia baridi zaidi kati yenu.

Hiyo ya kushare si mfano tu. Sisi ni marafiki wanne, na hakuna siku hata moja tumewahi kupata ofu pamoja. Mmoja yuko kwa saluni, mmoja anafanya shifti za usiku, mmoja bado yuko chuo, na mimi mnajua kazi yangu. Kila mmoja alikuwa anaota begi la manyoya na hakuna aliyekuwa na doo. Kwa hivyo tulifanya kile mama zetu hufanya wakitaka sufuria kubwa: chama. Kila mtu alitoa kidogo kidogo kwa miezi minne, tukaenda kutafuta mitumba.

Kununua begi la manyoya kwa mitumba ni mtihani. Muuzaji wa kwanza alituapia kwa mama yake kwamba lake ni la bata, na lebo ndani ilisema poliesta asilimia 100. Kwa hivyo shika hizi. Soma lebo, ukiona 90/10, ni asilimia 90 ya yale manyoya madogo na 10 ya yale yenye mti. Litoe kwa mfuko, likung'ute, liache dakika 20 huku mkiongea bei. Kama halifuri, limechoka. Liinue uangalie mwanga ukipita. Ukiona madirisha matupu, manyoya yamekimbilia pembeni ama yameganda. Papasa: mabonge kama uji uliokauka ni dalili lilifuliwa vibaya. Nusa, kwa sababu ukungu hautoki. Na vuta zipu mara tano kutoka juu hadi chini. Letu lilikuwa elfu 9, likashuka hadi 6,500 baada ya rafiki yetu wa saluni kuongea. Huyo dada hashindwi.

Sasa niseme kile wanaolisifu husahau kusema: manyoya yanachukia maji. Yakilowa yanalala kama kuku aliyenyeshewa, na hewa inaisha, na joto linaisha nayo. Poliesta ikilowa bado inakusaidia kidogo. Kwa hivyo Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba mvua zikianza, fikiria mara mbili, hasa Aberdare ama ile sehemu ya matope ya njia ya Naro Moru ambayo inameza viatu. Ukienda na la manyoya, lifunge ndani ya mfuko mzito usiopitisha maji. Usitegemee karatasi ya plastiki: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu iliyohifadhiwa.

Ukifika kambini, litoe mapema ndiyo lifure kabla hujachoka. Chini yake weka mkeka mzuri, na hapa sicheki. Manyoya unayolalia yanafinywa na mgongo wako, hayana hewa, hayana joto. Ardhi itakunyonya usiku kucha hata kama begi ni la mshahara wa mwezi. Kula kabla ya kulala, kwa sababu jiko bila makaa haliwaki. Vaa soksi kavu, si zile ulizotembea nazo. Jaza chupa ngumu maji ya moto, ifunge vizuri, iweke miguuni. Pua na mdomo viwe nje; ukipumua ndani unalilowesha pole pole. Ukisikia kukojoa, toka ukojoe, acha kujadiliana na kibofu masaa matatu. Asubuhi lianike juani kabla ya kulikunja. Na kama mwenzako anatetemeka, halafu anaanza kuongea kama mtu amelewa, ama anaacha kutetemeka na bado ni baridi, hiyo si utani tena. Mvue nguo mbichi, mfunike, amsha kiongozi wenu, mteremke.

Najua kuna boyz watasema haya yote ni uoga. "Mimi ni msee wa ocha, nimelelewa Kinangop." Sawa. Mwaka 1922 kwenye Everest, mpandaji mmoja anaitwa George Finch alikuja na koti la kitambaa cha puto lililojazwa manyoya ya bata. Wenzake waliovaa tweed na sufu walimcheka. Huko juu baridi ilipouma, kicheko kiliisha. Baridi haijui unatoka wapi.

Lakini kuna kitu kingine kinanisumbua kuhusu huu wepesi, na ndicho kilinifanya niandike. Zamu yangu ya begi ilifika Februari, nikaenda nalo mpaka Shipton's. Jioni nililifungua, likafura, na mmoja wa wapagazi wa kikundi kingine akasimama kuliangalia. Mzee wa makamo, mgongoni alikuwa amebeba mikoba miwili ya wageni, moja juu ya nyingine.

"Hiyo ni ngapi, kijana?"

"Elfu sita na mia tano, mzee. Lakini ni ya watu wanne."

Aliishika kwa vidole viwili, akaipima mkononi kama mtu anayepima kuku sokoni, akacheka. "Haina kitu ndani. Watu wangebeba kama hizi, mgongo wangu ungenishukuru."

Nilimuuliza yeye analalia nini. Akanionyesha blanketi mbili na koti. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba wanalala wakikaribiana.

Maze, hiyo ilinikalia. Mlimani, tukisema kitu ni kizito, mara nyingi tunamaanisha kwa mgongo wa mtu mwingine. Tunabeba begi la kilo tatu la bei rahisi, spika, viti vya kukunja, tunampa mzee abebe, halafu tunaposti kwamba tumeshinda mlima. Na usiku yule aliyebeba joto letu hana lake.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kabla ya kutuma pesa kwa hiyo posta, uliza maswali mawili. Moja, begi mnalokodisha lina kipimo gani cha starehe, si cha hatari. Mbili, wapagazi wenu wanalala ndani ya nini. Wakikujibu la kwanza haraka na la pili wakakuchekea, tafuta watu wengine. Hizi pesa ni zetu, na vijana wa Nairobi ndio wanajaza hizo safari siku hizi. Tukianza kuuliza, watajibu.

Na usininukuu vibaya kuhusu bata pia. Kuna mashamba yaliyokuwa yakinyonyoa ndege wakiwa hai. Ukinunua jipya, tafuta alama ya RDS, iliyoanza 2014 kukataza hiyo tabia. Ukinunua mitumba, angalau hujaongeza bata mwingine.

Baada ya safari, lichunge. Usilifue kila mara. Likichafuka, karai kubwa, sabuni laini kidogo, si ile ya unga kali inayotoa mafuta ya asili ya manyoya. Suuza hadi povu liishe, linyanyue kwa mikono miwili kutoka chini maana likilowa uzito wake unaweza kulipasua. Kama mtaani kwenu kuna dobi mwenye mashine ya kukausha, moto mdogo na mipira mitatu ya tenisi ndani. Kama hakuna, lilaze kivulini penye upepo, siku tatu nne, ukivunja mabonge kwa vidole. Fanya Januari ama Februari, si Aprili. Na kamwe usiliweke kabatini likiwa limebanwa kwenye kamfuko kake. Letu linalala kwa foronya kubwa ya duve, juu ya kabati ya yule wa shifti za usiku, kwa sababu kwake hakuna unyevu na hana watoto.

Wikendi hii si zamu yangu. Dada wa saluni ndiye analienda nalo, mara yake ya kwanza juu ya mita 4,000. Amenitumia ujumbe jana usiku: mkeka amepata, soksi ameweka, na kiongozi wao ameulizwa yale maswali mawili. La pili amesema hajawahi kuulizwa na mteja, lakini amepiga simu kutafuta mablanketi zaidi.

Wewe grupu lenu limeuliza?