Kabla Hujaishusha Giaboksi

Binamu,

Nasikia mvua imeshika Likuyani na watu wanapanda. Huku Minnesota theluji inayeyuka, na kila gari limebaki na ukoko mweupe wa chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi. Chumvi hiyo hula chuma. Paipu za kupeleka mafuta ya giaboksi kwenye rejeta huoza zikatoboka, ndiyo maana fundi wa huku akiambiwa gari linavuja mafuta hayo, yaani ATF, huanza kwa kupapasa hapo. Nakuambia haya kwa sababu najua utaangalia video za huku. Land Cruiser ya mzee, hiyo inayovuja, haijawahi kuonja chumvi. Maadui wake ni umri, tope, na kukaa.

Kukaa ndiko watu wasikokufikiria. Sisi tulio mbali tunapenda gari litungoje Desemba hadi Desemba. Sasa, ndani ya automatiki kuna konveta, nayo hubeba mafuta mengi. Gari likizimwa kwa majuma, mafuta hayo huteremka polepole hadi kwenye sampu, kina kikapanda kuzidi kawaida, kikafikia sili ya shafti ya kuchagulia gia, pale ubavuni. Sili iliyokauka tangu miaka ya tisini haizuii kitu. Matokeo yake ni kidimbwi chekundu chini ya gari lililolala, na likianza kuendeshwa kila siku linaacha kuvuja. Ulisema gari halikuguswa tangu mwaka mpya. Basi mshukiwa wangu wa kwanza ni sili hiyo, nayo kwa kawaida hubadilishwa giaboksi ikiwa mahali pake.

Fundi wenu amesema giaboksi imekufa, ishushwe. Huenda ni kweli. Lakini amejuaje, na chini ya gari kumefunikwa na tope na mafuta ya miaka yote? Mafuta hayakai yalipotokea. Hufuata mteremko, na gari likienda upepo huyasukuma nyuma. Tone linaloning'inia kwenye boriti ya giaboksi laweza kuwa limetoka mbele kabisa.

Kwa hiyo lioshwe kwanza. Peleka kwa vijana wa kuosha magari pale Matunda, waoshe chini kwa sabuni ya kukata grisi, ila wasielekeze presha kwenye kipumulio cha giaboksi. Likikauka, paka poda ya mtoto kwenye maungio yote: ukingo wa sampu, boliti ya kumwagia mafuta, paipu, ubavu wa shafti. Tandika katoni chini, uiwekee alama upande wa mbele ni upi, ulale. Asubuhi katoni itakuonyesha tone limeangukia wapi, na poda itakuonyesha limepitia wapi. Kisha endesha hadi Moi's Bridge na kurudi, uchungulie tena, kwa sababu kuna uvujaji unaotokea kukiwa na presha tu.

Angalia rangi na unuse. ATF nzuri ni nyekundu na nyepesi. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, hapo fundi ana hoja, klachi za ndani zinateketea. Oili ya injini ni nyeusi. Ya difu na transfa ni nzito, ina harufu kali ya salfa. Lakini nyekundu peke yake haitoshi: pawa stiaringi ya Toyota za zamani hutumia ATF ileile, na kuna maji ya rejeta ya Toyota ambayo pia ni mekundu, ingawa hayatelezi vidoleni kama mafuta. Na kama kijiti cha kupimia kinatoka na rangi ya yogati ya strobari, usiwashe gari tena. Maji yameingia, ama kwa rejeta iliyopasuka ndani, ama mlivuka mto kipumulio kikiwa kimezibwa na tope. Giaboksi yenye joto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa. Isipopata njia ya kuvuta hewa, hufyonza maji kupitia sili.

Kuna jambo moja ambalo katoni haitakuonyesha. Katika Land Cruiser za 80, zile zilizoanza kutoka 1990, sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ikichoka, ATF huhamia kwenye transfa. Kina cha giaboksi kinashuka na chini ni kukavu, watu wanashangaa. Fungua boliti ya kujazia ya transfa. Mafuta yakibubujika, mepesi na yenye wekundu, umepata jibu.

Kina pia kipimwe inavyotakiwa: gari mahali tambarare, likiwa limepata moto, injini inanguruma, umepitisha gia zote na kurudi P. Ukipima baridi, utaongeza yasiyohitajika, na mafuta yakizidi hutoka povu na kutapikwa kwenye kipumulio. Hapo utakuwa umeutengeneza uvujaji mwenyewe. Na kama ni gasketi ya sampu, mzuie fundi asikaze zile boliti ndogo kwa hasira. Ukingo wa sampu hupinda, na haufungi tena.

Nimefikiria kwa nini mafundi wa huku hutafuta sana kabla ya kufungua, nao si werevu kuliko wetu. Saa moja ya fundi huku ni ghali kuliko sili yenyewe, kwa hiyo kufungua bure kunamuumiza mteja na gereji itaulizwa. Kwetu mkono ni nafuu, kushusha giaboksi ni kazi ya vijana wanne na jeki, basi watu hushusha ndipo waangalie. Gharama huja baadaye, giaboksi ikirudishwa na mchanga ndani au konveta haikukaa sawasawa ikavunja pampu. Halafu ujumbe unafika Minnesota: tuma pesa nyingine.

Pesa ya sili na ya ATF nitatuma, hiyo haina mjadala. Jina la mafuta mara nyingi limeandikwa kwenye kijiti, linunuliwe hilohilo. Ya kushusha giaboksi sitatuma kabla sijaona picha ya katoni na ya boliti ya transfa. Mwambie fundi hivyo kwa heshima, na umlipe siku yake ya kutafuta hata asipofungua kitu.

Mama mwambie nitapiga Jumapili baada ya kanisa.

Binamu yako