Haki ya Raba

Tangu kufariki kwa ustadhi wangu nimeona ni wajibu kuandika machache juu ya kazi aliyonirithisha, madhali gereji zetu za Mombasa sasa zina mafundi wengi wa kubadilisha vyombo na wachache mno wa kuvifufua. Nalizaliwa mjini humu, nikasoma chuoni kisha skuli, na nilipobaleghe nikakabidhiwa kwake. Na zama zile mioyo yetu ilitekwa na Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta.

Difu ya gari hilo haikufungwa chuma kwa chuma. Mdomo wake umekalia raba iliyogandamana na mabamba mawili, na nyuma imeshikwa na pao la chuma lenye bushi katika kila ncha. Na kwa kuwa dereva akanyagapo mafuta mdomo huo hutaka kuinuka, juu yake umepitishwa ukanda wa kuuzuia. Raba ikichanika, husikika kishindo kila mguu ukandamizapo na kuachia.

Ustadhi hakuzichoma bushi kuukuu, akichelea moto usije ukakipunguzia chuma cha pao nguvu zake. Aliitoa raba kwanza, kisha akalikata ganda lililobaki kwa msumeno, taratibu, mpaka likalegea pasi na kulijeruhi tundu. Na bushi mpya aliiingiza kwa jiliwa, akiisukuma kwa ukingo wake wa chuma, kamwe si kwa raba. Nati zote alizitia kwa vidole, akazikaza difu ilipokwisha kutulia mahali pake.

Fundi mmoja, ambaye jina lake nalisitiri, alishindana nasi miaka mingi akizisifu bushi ngumu za poliyurethani. Kwamba zadumu, sikanushi. Na katika gari la mashindano, linalokaguliwa kila baada ya mbio, sina hoja. Ama katika gari la barabarani, raba ndiyo dhamana ya bodi: hupokea kishindo ili chuma kisalimike, nayo ikifa hutiwa nyingine. Gari alilolikaza yeye lilikuja kwetu likivuma bodi nzima, tukalirudishia raba, na mwenye gari hakulirudisha kwa fundi huyo tena.

Basi enyi vijana, msiudhanie ugumu kuwa ndio uimara. Kabla ya kukiondoa alichokiweka mhandisi, ulizeni alikiweka kwa sababu gani; na asiyekuwa na jibu, na airudishe raba.