Kiasi cha Bunduki

Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili. Ni jina la madini laini na mazito yenye rangi ya kijivu, tena ni jina la kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki. Neno kiasi nalo lina maana mbili. Ni kadiri ya kitu kilichopimwa, na katika Kiswahili cha wazee wetu kiasi cha bunduki ni ganda pamoja na fataki, baruti na risasi yake. Maana hii ya pili ina sababu iliyo wazi. Siku za gobore, mpiga bunduki alipima baruti kwa mkono wake kabla ya kuishindilia, na aliyezidisha kipimo aliweza kuupasua mtutu mbele ya uso wake mwenyewe. Leo kipimo hufanywa kiwandani, na mnunuzi hupokea kiasi kilichokwisha kupimwa na mtu asiyemjua. Walakini kazi ya kupima haijamwondokea mwenye silaha. Imehama katika baruti ikaingia katika uchaguzi.

Jambo hili lilinifikia kwa njia ya mjomba wangu, mfanyabiashara wa mahindi katika wilaya ya Kongwa. Soko la Kibaigwa, lililo kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, huvuta nafaka kutoka mbali na malori kutoka mbali zaidi. Penye nafaka nyingi hapakosi fedha, na penye fedha hapakosi macho. Mjomba alivamiwa njiani usiku mmoja, akapoteza mapato ya msimu mzima na meno mawili ya mbele. Baada ya hayo aliomba leseni, akaipata, akanunua bastola ndogo ya milimita tisa, ya kuchukuliwa kiunoni chini ya koti. Ndipo akaniandikia: “Mjomba, wewe umesoma. Naambiwa ziko risasi za namna mbili, moja ina kichwa kizima na nyingine ina tundu kichwani. Nishike ipi?”

Swali lilikuwa fupi, na jibu lingaliweza kuwa fupi pia. Lakini mtu akiulizwa ni kitu gani kiingie katika mwili wa binadamu mwenziwe, hana budi kulala na swali hilo japo usiku mmoja. Nililala nalo zaidi ya usiku mmoja.

Nilianza na vitu vyenyewe. Risasi ya kichwa kizima imevikwa shaba mbele yote, na haipondeki upesi. Hupita katika nyama kama sindano ipitavyo katika nguo, na aghalabu hutokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu. Risasi ya tundu imeachwa wazi kichwani. Inapoingia mwilini, majimaji ya mwili hulijaza tundu kwa kishindo, huzisukuma kuta zake nje, na shaba huchanika ikafunuka mfano wa ua. Upana wake huzidi, mara nyingi kwa nusu ya upana wa kwanza au zaidi. Mwendo wake hupungua. Na ikiwa imefanyizwa vema, hukoma ndani ya mtu aliyelengwa. Kwa hiyo hutenda mambo mawili kwa pamoja: humjeruhi zaidi yule iliyemwingia, na humwepushia jeraha yule aliye nyuma yake. Asemaye moja la mambo haya akaficha la pili hajasema kweli yote.

Bastola ndogo ina shida yake. Mtutu mfupi hauipi baruti nafasi ya kutosha kuisukuma risasi, hivyo risasi hutoka na mwendo pungufu kuliko itokapo katika mtutu mrefu, na risasi ya tundu isiyo na mwendo huweza kukataa kufunuka. Tena nguo nzito huweza kuliziba tundu, risasi ikawa sawa na ile ya kichwa kizima. Katika nyanda zetu za kati, ambako asubuhi za Juni na Julai upepo huuma na watu huvaa makoti na kujitanda mashuka mazito, hili si jambo la kupuuzwa. Kwa sababu hiyo viko viwanda vinavyofanyiza risasi maalumu kwa mitutu mifupi, na wachunguzi huzijaribu kwa kuzipiga katika jelatini iliyofunikwa kwa nguo. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni cha idara ya upelelezi ya Marekani, FBI. Kilitokana na mapigano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo wapelelezi wawili waliuawa, na risasi moja iliyompata mhalifu ilikoma kabla ya kuufikia moyo. Kipimo hicho hutaka risasi iingie katika jelatini si chini ya inchi 12 wala zaidi ya inchi 18, yaani baina ya sentimita 30 na 46 hivi. Pungufu ya hapo haimzuii mshambulizi. Zaidi ya hapo ni hatari kwa wapita njia. Tena kichwa chenye tundu huweza kukwama kinapopanda kuingia mtutuni, hivyo mwenye bastola hana budi kuijaribu risasi katika bastola yake mwenyewe, mahali panaporuhusiwa, kabla ya kuitegemea.

Mtu wa Kongwa hahitaji mwalimu kutoka mbali kumfundisha thamani ya jaribio. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapa mpango mkubwa wa kilimo cha karanga. Hesabu zake zilipendeza katika karatasi. Mashine zilichaguliwa mbali, na baadhi ya zilizotumika katika mpango huo zilikuwa vifaru vya vita aina ya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wetu, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, haukuulizwa. Mvua yetu haba haikuulizwa. Wagogo, waliozijua zote mbili, hawakusikizwa. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Anunuaye risasi kwa sifa zilizoandikwa juu ya sanduku ni ndugu wa wale waliolima Kongwa katika karatasi.

Hayo yalikuwa mambo ya ufundi, nami nilidhani kwamba nimekwisha kupata jibu. Lakini historia ya risasi hii ilinisimamisha. Mwishoni mwa karne ya 19 kiwanda cha jeshi la Waingereza cha Dum Dum, karibu na Calcutta, kilifanyiza risasi ya kupasuka kichwa, na jina la mahali likawa jina la risasi. Tarehe 29 Julai 1899, katika mkutano wa The Hague, mataifa yalitoa tamko la kuikataza vitani risasi ifunukayo au ibapayo mwilini kwa urahisi. Mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, aliitetea. Hoja yake ilikuwa kwamba askari wa mataifa yaliyostaarabika akipigwa hutambua kuwa amejeruhiwa na huondoka vitani, bali mtu aliyemwita mshenzi huzidi kusonga mbele hata akiwa na matundu kifuani. Uingereza haikukubali tamko hilo mpaka mwaka 1907. Tena tamko lenyewe liliwafunga waliolikubali katika vita vya wao kwa wao tu. Vita vya kututawala sisi vilikuwa nje ya mlango wake. Wakati wazee wetu wa kusini walipoanza Vita vya Maji Maji mwaka 1905, wakiamini kwamba maji yangegeuza risasi kuwa maji, hapakuwa na karatasi ya The Hague iliyotaja miili yao.

Mlango huo ulifunguliwa polepole. Sehemu moja ya kazi hiyo ilifanywa katika Afrika Mashariki: mwaka 2010, katika mkutano wa Kampala, mataifa ya Mkataba wa Roma yaliongeza kwamba matumizi ya risasi za namna hiyo ni kosa la kivita hata katika vita vya ndani ya nchi moja. Na Kongwa ina fungu lake katika habari hii. Tangu mwaka 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika ya Kusini, Namibia, Angola na Zimbabwe walipata kambi hapa, juu ya ardhi ile ile iliyoshinda karanga. Walikuwa watu ambao watawala wao waliwahesabu kuwa nje ya sheria za vita. Hata hivyo mwaka 1980 chama cha ANC, kwa kinywa cha rais wake Oliver Tambo, kiliahidi mbele ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kufuata Mikataba ya Geneva. Aliyenyimwa kiasi na wengine alijiwekea kiasi mwenyewe. Nalihesabu jambo hilo kuwa kubwa kuliko ushindi mwingi.

Mbona basi risasi iliyokatazwa vitani huchukuliwa na askari polisi wa miji mingi ya dunia? Jawabu ni kwamba mahali ni pengine. Vitani yatosha adui aondoke katika mapigano, na kumzidishia jeraha ni ukatili usio na faida. Sokoni, nyuma ya mwizi yuko mama muuza nyanya, na nyuma ya mama yuko mtoto mgongoni mwake. Risasi ipitayo mwilini mwa mwizi haiulizi jina la anayefuata.

Nilipofika hapo niliandikiwa barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza. Ilitoka kwa mkaza mjomba. “Usimwandikie mjomba wako habari za wezi tu,” alisema. “Mwandikie pia kwamba wajukuu wanalala nyuma ya ukuta wa udongo.” Hakuwa amesoma habari za Miami wala The Hague, na alikuwa amekwisha kufika nilikokuwa nikienda.

Nilimjibu mjomba hivi. Madhali umekwisha kuamua kuchukua bastola, na madhali leseni na muuzaji halali wanakuruhusu, shika ile yenye tundu, iliyofanyizwa kwa mtutu mfupi, ukaijaribu kwanza. Usiishike kwa kuwa inaumiza zaidi. Ishike kwa ajili ya wasiohusika. Kumbuka kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikukupa bastola iwe mapambo ya ukali wako, na kwamba sheria hukuruhusu kujikinga kwa nguvu ipasayo hatari iliyo mbele yako, bila kuzidi. Kisha nikaongeza: fedha za mahindi siku hizi zaweza kwenda kwa benki au kwa simu, na mtu asiyechukua kinachotafutwa ana kinga isiyohitaji baruti.

Mjomba alifuata yote mawili. Bastola ingali kiunoni mwake, nami sijui kama nafurahi au nasikitika kwamba ushauri wangu umo ndani yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ikitoka hairudi mtutuni. Fundi wa kiwandani aweza kupima baruti, shaba na upana wa tundu. Hawezi kumpimia mwenye silaha saa ya kuitoa, wala saa ya kuiacha mahali pake.